Kisanduku Kilichouliza kwa Kiswahili

Jambo la kwanza kwenda kombo katika nyumba ile lilikuwa jambo zuri, na ndiyo maana hakuna aliyelishtukia. Mtandao ulijaa.

Mtandao wa nyumba ile ulikuwa wa kubembelezwa. Kiboksi chake kilikaa sebuleni juu ya kabati la vyombo, kompyuta ilikaa chumba cha pili, kwa mama mkwe, na katikati yao kulikuwa na ukuta mnene na friji. Ile alama ya waifai pembeni mwa skrini ilionyesha mistari miwili siku ya neema, mmoja siku nyingi, na siku nyingine iliamua tu kununa. Karani alikuwa ameshaizoea. Alijua kuchomoa waya wa kiboksi, kuhesabu hadi thelathini na kuuchomeka tena. Alijua kuiambia kompyuta iusahau mtandao, kisha kuiandikia upya neno la siri. Alijua hata kuvuta meza hadi mlangoni na kufanya kazi mguu mmoja ukiwa koridoni.

Karani lilikuwa jina la mtaani. Kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za mikutano, hedfoni masikioni, na kuziandika neno kwa neno pamoja na vikohozi vyake. Mumewe alikuwa nchi ya mbali kwenye kiwanda cha vigae, mwaka wa pili sasa. Kila siku saa nne asubuhi, kwenye mapumziko yake, alipiga simu ya video kwenye kompyuta ili mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemgomea na macho yamefifia, amwone kwenye kioo kikubwa. Dakika zile kumi ndizo zilizokuwa ndoa ya Karani. Nyingine hakuwa nayo.

Kabla hajaondoka, mume alimwachia wosia mmoja kuhusu mashine ile. "Ikikuuliza lolote, wewe bonyeza Ndiyo. Ukisema Hapana ndipo inapozira." Karani aliushika wosia huo kuliko mengine yote aliyoachiwa.

Jumanne moja, robo saa kabla ya simu, mtandao ukakatika kabisa. Karani akazima kiboksi, akahesabu thelathini. Akahesabu sitini. Akafungua orodha ya mitandao, ile inayoonyesha na ya majirani wote, na juu kabisa ya orodha akaona mtandao usio na jina. Mahali pa jina palikuwa peupe. Haukuwa na kufuli, haukuomba neno la siri, na mistari yake ilikuwa imejaa. Kabla hajaugusa, kisanduku kidogo kikajitokeza katikati ya skrini.

*Kuna anayeomba kuingia. Unamruhusu?*

Ilikuwa saa nne kasoro dakika moja. Mama mkwe alikuwa ameshafungwa kitambaa chake kizuri na kukalishwa mbele ya kamera. Karani akabonyeza Ndiyo, na hapo hapo simu ikaita.

"Mke wangu," akasema mumewe.

Picha ilikuwa safi ajabu. Tangu mumewe aondoke, Karani alikuwa akiongea na uso unaokwama mdomo wazi, sauti ikija baadaye, na leo angeweza kuzihesabu nyusi unywele kwa unywele. Kingine kilichomshangaza ni salamu. Mumewe, Mungu ampe subira, alikuwa mtu wa kusema, "Nipe mama haraka, dakika zinakwenda." Leo alimuuliza kama amelala vizuri. Akamuuliza kama mgongo bado unamsumbua.

Karani akamweleza kwamba simu yake ya mkononi ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia Jumapili, ikafa na namba zake zote, naye amechukua laini mpya. Akamsomea namba.

"Nimeiandika," mumewe akasema, ingawa mikono yake ilikuwa imetulia mezani na haikugusa kitu.

Mama mkwe aliitazama skrini kidogo tu, kisha akageuzia uso ukutani.

"Mama, mwanao huyu. Msalimie basi."

"Huyo siye," akasema yule mama.

Karani akacheka kwa aibu. "Msamehe, macho yake yanazidi kufifia."

"Mwache," mumewe akasema. "Nataka kuongea na wewe."

Na kweli aliongea naye. Kesho yake waliongea nusu saa, na siku iliyofuata saa nzima. Hakulalamika kuhusu msimamizi wake wala kuhusu chakula cha kule. Alimsikiliza Karani akisimulia mkutano wa wenye nyumba waliogombana juu ya choo, akacheka panapochekesha. Karani akaanza kuamka mapema kuchana nywele. Alikuwa na furaha, na aliona haya kwa jinsi furaha yenyewe ilivyokuwa kubwa, mwanamke mzima wa miaka yake kusubiri saa nne kama msichana.

Lakini masikio yake yalikuwa masikio ya kazi. Mtu anayelipwa kuandika vikohozi vya wengine hujua kwamba kila chumba duniani kina sauti yake. Chumba cha mumewe kilikuwa na feni mbovu inayogonga, na mwenzake wa chumbani aliyekoroma baada ya zamu. Sasa nyuma ya mumewe hapakuwa na feni, hapakuwa na mkoromo wala mlango, palikuwa kimya kabisa. Tena mumewe alikuwa akimaliza sentensi ndefu bila kuvuta pumzi. Pumzi ilikuwepo, ila haikuwa yake. Ilisikika kwenye hedfoni upande wa kushoto tu, nzito, ya mtu aliyekaa karibu mno, na siku ya tano Karani alipozivua hedfoni haraka akaisikia inaendelea kidogo shingoni kwake kabla haijakoma.

Akajiambia ni uchovu. Ile harufu ya nywele zilizoungua, iliyoanza kutoka kwenye matundu ya kompyuta, akajiambia ni vumbi.

"Nihamishe chumba hiki, mwanangu," mama mkwe akamwambia jioni ile, akiwa amemshika kifundo cha mkono. Alinong'ona, na hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Kwa nini, mama?"

"Yule mtu hafumbi macho. Hata ukiizima hiyo mashine, hafumbi."

Karani akamhamishia kochi la sebuleni, ili kumridhisha tu.

Siku ya nane mumewe akasema, "Nataka kurudi nyumbani."

Karani akasogeza kiti mbele. "Mkataba wako umekwisha?"

"Niambie karibu. Ukisema tu, nakuja."

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Sebuleni kikombe kikaanguka, na mama mkwe akapiga ukelele wa mtu aliyeungua. Karani akakimbia. Chai ilikuwa imemwagika mapajani. Akampoza kwa maji, akampaka dawa, akambadilisha nguo, akamfariji mpaka akasinzia. Aliporudi chumbani saa nzima ilikuwa imepita. Mumewe alikuwa pale pale kwenye skrini, ameinama vile vile, tabasamu lile lile, macho yakitazama kiti kitupu.

"Si mapumziko yalishaisha?" Karani akauliza kwa sauti ndogo.

"Sina haraka," akajibiwa.

Akafunga kompyuta kwa viganja viwili, akatoka nje kuota jua. Alihitaji watu. Akaamua kwenda kwa miguu hadi ofisini, akaione sura ya msimamizi wake, hata kama ni kwa kufokewa.

Na alifokewa kweli. "Tulidhani umeacha kazi bila kuaga," msimamizi akasema. "Siku nane hatujapata hata ukurasa mmoja. Kwenye simu hupatikani."

"Natuma kila jioni. Na mnanijibu, 'Imefika, asante.'"

Msimamizi akamtazama kwa mashaka. "Nani amekujibu? Mimi ndiye mwenye kujibu, na sijakujibu."

Karani hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwa fundi wa mitandao, mwembamba mrefu aliyeitwa Mnara, na Mnara akabeba begi lake wakaja pamoja.

Mnara alianza kazi kama mafundi wote wanavyoanza, kwa kulaumu. Akalaumu kabati, akalaumu ukuta, akalaumu friji. Kisha akakishika kiboksi na mzaha ukamkatika.

"Dada, hiki kimekufa. Adapta yake imeungua, tazama, plastiki imeyeyuka. Hakina hata taa. Una siku ngapi huna mtandao?"

"Mtandao ninao. Umejaa."

Wakaingia chumbani. Mnara akaifungua kompyuta, akaikuta kweli imeunganishwa, mistari yote. Akatoa simu yake na kutafuta mtandao ule usio na jina, simu yake haikuuona. Akajaribu kuiunganisha kompyuta na simu yake ili aikague vizuri, ikakataa. Akaiambia iusahau ule mtandao mweupe. Ikausahau, ikahesabu sekunde tatu, ikajiunganisha yenyewe.

"Uliunganishaje mara ya kwanza?"

Karani akamweleza kile kisanduku na maneno yake yote, maana kukumbuka maneno ndiyo ilikuwa kazi yake. Mnara akaacha kuandika.

"Kwa Kiswahili?"

"Ndiyo."

"Dada, kompyuta hii ni ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Haijawekewa Kiswahili. Hakuna kisanduku humu kinachoweza kukuuliza hivyo."

Kisha Mnara akafanya anachofanya fundi yeyote anayetafuta mtandao unakotoka: akaibeba kompyuta na kutembea nayo, macho kwenye mistari. Dirishani, mistari mitatu. Chini ya kitanda, mitatu. Akatoka nayo hadi koridoni, ikashuka miwili. Sebuleni, mmoja. Akamwita Karani aje kuona, na Karani alipopiga hatua kumkaribia, mistari ikapanda. Akasimama. Ikasimama. Akarudi nyuma, ikashuka. Mnara akampa kompyuta aishike mwenyewe, na pale ilipotua mikononi mwake mistari ikajaa yote, na kutoka kwenye matundu yake ikapanda ile harufu ya nywele zilizoungua, nzito kuliko siku zote, na Karani akaelewa kwamba hata siku moja haikuwa ikitoka kwenye mashine, bali kwake mwenyewe.

"Mimi hapa fundi sina changu," Mnara akasema. "Nina shangazi yangu. Nikamwite?"

"Na mume wangu je?" Karani akauliza. "Siku zote hizi mimi nimeongea na nani?"

Mnara alikuwa ameshafika mlangoni. "Usiifungue tena mpaka turudi."

Shangazi alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mikono minene, viatu vya hospitali bado miguuni. Hakuja na mkoba wa vitisho. Aliomba maji, akanawa hadi kwenye viwiko, akamkalisha Karani na kumtazama ndani ya kope.

"Umeshawahi kuliambia hilo jini karibu?"

"Lilitaka. Sikuwahi kusema."

"Afadhali. Liko kizingitini basi, halijaingia chumbani." Akamfuta jasho usoni. "Sikiliza, binti. Jini hili halikuvunja mlango. Limeomba ruhusa, nawe ukaliruhusu. Mimi kazi ya maisha yangu imekuwa kutoa kilichomo ndani, lakini anayesukuma ni mwenye tumbo. Liliingia kwa ndiyo yako, litatoka kwa hapana yako. Utalitazama usoni, utaliambia mara tatu. Litaongea. Usilijibu. Usiliulize kitu chochote, hata kama ni cha kukusaidia."

Jua lilikuwa bado juu, watoto wa jirani wakigombania mpira nje ya dirisha. Karani akaifungua kompyuta. Hakuhitaji kupiga. Mumewe alikuwa anasubiri.

"Mke wangu, mbona una wageni?"

"Hapana," Karani akasema. "Sikuruhusu."

Mstari mmoja ukashuka. Uso kwenye skrini haukukasirika. Ulihuzunika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana haukuwa umewahi kumwonyesha hasira hata siku moja.

"Nani mwingine anakuuliza umelalaje?" ukasema. "Yule wako alikuuliza lini?"

"Hapana. Sikuruhusu."

Wa pili ukashuka, na hapo mwanga wa chumba ukafifia ingawa nje jua liliwaka, na ile pumzi ikaanza, kwanza kwenye sikio la kushoto kama ilivyozoea, kisha la kulia, kisha nyuma ya shingo, chini ya nywele, ndani ya koo lake mwenyewe, ikipanda pale anapotaka kushuka na kushuka pale anapotaka kupanda, mpaka Karani hakujua tena ni kifua gani kinachovuta na ni kipi kinachotoa, na sauti za watoto nje zikawa mbali, na mkono wa mkunga mgongoni mwake ukawa kitu pekee duniani kilichokuwa na joto.

"Usinitoe," ule uso ukanong'ona. "Nimekufichia. Ukinitoa, utajua."

"Nitajua ni..."

"Usiliulize!" mkunga akamkemea sikioni. "Sukuma!"

"Hapana!" Karani akapiga kelele. "Sikuruhusu! Toka!"

Mstari wa mwisho ukazimika. Skrini ikawa nyeusi. Kitu kikapita chumbani bila kugusa pazia, kikatoka na harufu yake, na Karani akaegemea kifua cha mkunga akalia kwa sauti, akivuta pumzi zake mwenyewe moja baada ya nyingine.

Mnara akaichukua kompyuta na kutembea nayo nyumba nzima. Akampa Karani aishike. Hakukuwa na mstari hata mmoja. "Safi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu akishike kile kiboksi akacheka. Akatoa begini adapta nyingine, akaichomeka kwenye kiboksi, akasubiri taa igeuke kijani. Akaandika neno la siri. Mistari miwili.

"Huo ndio mtandao wako, dada. Mbovu, lakini wako."

Mkunga akaenda kukaa na mama mkwe sebuleni. Mnara akakusanya waya zake. Karani akabaki peke yake mezani, amechoka na amepona, akifikiria jambo moja tu: sasa atampigia mumewe wa kweli, yule mkali mwenye haraka, amwombe radhi kwa siku zote hizi.

Ujumbe ukaanza kuingia.

Ulikuwa wa siku zote, uliokuwa umekwama mahali fulani, na sasa ulimiminika mmoja juu ya mwingine. Wa kwanza ulikuwa wa Jumanne ile, saa nane mchana. *Nimeangukiwa na shehena kazini. Niko hospitali, usimshtue mama.* Kisha wa Jumatano: *Leta namba nyingine, simu yako haipatikani.* Kisha ukafuata wa yule mwenzake wa chumbani, mkoromaji. *Shemeji, anakuulizia. Shemeji, hali si nzuri. Shemeji, tafadhali ongea naye vizuri, mtu anaumwa.*

Karani hakuelewa hilo la mwisho. Akafungua orodha ya simu. Kila siku hadi jana, saa nne asubuhi, mumewe alikuwa amepiga. Na kila siku, pembeni mwa kila simu, palionyesha kwamba imepokelewa. Dakika tisa. Dakika kumi na mbili. Dakika ishirini.

Ujumbe wa karibuni kabisa ulikuwa wa asubuhi hiyo hiyo, wa mwenzake. *Shemeji, pole. Amefariki saa kumi na moja alfajiri.*

Aliusoma mara nyingi. Alitaka kulia, akakuta machozi yote ameshayatumia kwa furaha. Juu ya ujumbe ule kulikuwa na sauti, ya jana mchana, sekunde kumi na tisa, imetumwa na mumewe mwenyewe. Hedfoni zilikuwa mezani lakini hakuthubutu kuzivaa. Akaibonyeza hivyo hivyo, wazi.

Feni ilikuwa inagonga. Mashine fulani ililia polepole. Kisha ikaja sauti yake, imekonda, ikivuta pumzi kila baada ya neno.

"Mke wangu. Leo umepokea tena. Nimekuona vizuri tu, na nywele umechana. Sikutaka kikubwa. Nilikuomba unipe mama, nimsalimie. Mbona kila nikisema kitu, ulikuwa unanicheka?"

Sebuleni kochi likalia, mtu akijaribu kuinuka kwa miguu isiyomtii.

"Nimemsikia!" mama mkwe akaita, sauti imejaa furaha. "Mwanangu huyo, nimemsikia! Mlete basi niongee naye."

Karani akainua kompyuta kwa mikono miwili na kuanza kutembea kuelekea sebuleni.